Bahari ya Sebuleni kwa Mai Mbewe

Bahari sijaiona hadi leo, lakini harufu yake naijua. Ni harufu ya chumvi iliyolowa, ya chuma kilichoanza kutu, na kwa mbali, ukishaizoea, ya soksi iliyosahaulika ndani ya kiatu cha mvua. Sikuikuta Mombasa wala Dar es Salaam. Niliikuta katika sebule moja ya Area 18, Lilongwe, mji usio na bahari katika nchi isiyo na bahari, ndani ya tangi la kioo lisilozidi urefu wa mkono wa mtu mzima. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Niliishi na harufu ile miezi kumi tu, lakini miezi hiyo ilinichosha kuliko miaka mingi iliyofuata, na nikisema hivyo watu hunicheka. Samaki wawili na kitu kama ua, wanasema, ndivyo vikuchoshe namna hiyo? Wacheke tu. Aisifuye mvua imemnyea.

Sisi ni watu wa Uvira, mashariki mwa Kongo. Tulipofika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, nilikuwa mdogo, wa kubebwa mgongoni kwa zamu, na ya njiani nimeyasahau, namshukuru Mungu. Dzaleka ninayoikumbuka ni ya foleni: foleni ya maji kwenye pampu, foleni ya mahindi na maharage na mafuta kila mwezi, foleni ya kuonyesha kadi ili ujulikane kuwa bado upo. Mama alishona nguo kwa cherehani ya mkono mlangoni. Papa hakuwa na kazi ambayo ningeweza kuitaja shuleni nikiulizwa. Zamani, kule nyumbani, alikuwa akizamia samaki wadogo wa rangi katika Ziwa Tanganyika na kuwatunza kwenye matangi ya tajiri mmoja aliyewauza Ulaya. Watu wa Uvira pale kambini walimjua kwa hilo. "Papa Furaha njo fundi ya samaki," walisema, Furaha mwenyewe akiwa mimi, na papa aliinua kichwa kidogo kama mtu aliyeitwa kwa cheo chake. Lakini fundi wa samaki Dzaleka ni sawa na kinyozi katika kijiji cha vipara. Heshima alikuwa nayo, kazi hakuwa nayo.

Jumapili moja mchungaji wetu alirudi kutoka Lilongwe na habari za mjane aliyekuwa akisali katika kanisa rafiki. Mjane huyo, Mai Mbewe, alifanya kazi katika wizara moja kule Capital Hill. Marehemu mumewe alimwachia samaki wa baharini, na wafanyakazi wawili wa bustani walikuwa wameshindwa nao, basi alitafuta mtu yeyote anayejua samaki. Papa alinyoosha mkono kabla mchungaji hajamaliza kusema. Masharti yalikuwa mazuri kuliko tulivyozoea: kazi ya bustani na samaki, kijumba cha nyuma cha kulala, na mtoto mmoja angeandikishwa katika shule ya karibu ambayo Mai Mbewe alifahamiana na mwalimu wake mkuu. Ofisi ya kambi ikampa papa karatasi ya ruhusa ya kutoka. Mama akabaki na wadogo zangu, na akanichagua mimi. "Furaha aende," alisema. "Iko na kichwa, ile kichwa isiozee hapa." Darasani kwetu Dzaleka tulikaa chini, zaidi ya mia moja, tukisoma kwa masikio kwa sababu ubao hatukuuona. Lilongwe nilipewa dawati, na kitabu cha Kiingereza nikisoma na mwenzangu mmoja tu.

Kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa rahisi, hata mtoto aliielewa. Samaki wakiishi, nitasoma. Samaki wakifa, papa hana kazi, hatuna kijumba, sina shule, tunarudi kwenye foleni. Mai Mbewe hakuificha. "Bustani hata jirani anaweza kunitunzia," alimwambia papa siku ya kwanza, kwa Kichewa cha polepole ili tumwelewe. "Wewe nimekuchukua kwa ajili ya hawa."

Hawa walikuwa samaki wawili wa rangi ya chungwa lililoiva, wenye mikanda mitatu myeupe mwilini, mmoja mkubwa na mmoja mdogo. Mai Mbewe aliwaita klauni. Walilala ndani ya mnyama ambaye mwanzoni niliapa kuwa ni mmea: shina nene la rangi ya udongo, limeshika jiwe, na juu yake vidole laini vingi vyenye ncha za zambarau, vikichezacheza bila kupumzika. Jina lake anemoni. Vidole hivyo huuma samaki wengine na kuwaua, lakini klauni huingia na kutoka humo kama watoto kitandani kwa mama yao. Nilipoona mara ya kwanza nilisema "Yesu!" kwa sauti, papa akanikanyaga mguu. Kila jioni Mai Mbewe alirudi kutoka kazini, akavua viatu mlangoni, akakaa kwenye kiti kimoja mbele ya kioo kile bila kuwasha televisheni wala kula. Alikaa nusu saa, mara nyingine saa nzima. Kisha alisema "Zikomo", asante ya Kichewa, kwa papa, akaenda jikoni. Sikuwahi kumwona akilia, ila macho yake pale yalikuwa ya mtu aliyekuja kumwona mgonjwa hospitalini.

Siku ya kwanza pia alimpa papa daftari la bluu. Marehemu alikuwa ameandika humo kwa mkono wake, kwa Kiingereza, kila jambo kuhusu tangi lile. "Yote yamo humu," alisema. "Unasoma Kiingereza?" Papa alisoma Kifaransa vizuri sana, na Biblia ya Kiswahili alikuwa akiisoma kanisani bila kukwama. Kiingereza hakujua hata neno la kuombea maji. Alilipokea daftari kwa mikono miwili, akainama, akasema, "Yes, madam." Nilikuwa nimesimama kando yake. Mimi niliona aibu kwa niaba yake, na nadhani naye aliniona nikiona aibu, maana tulipofika kijumbani alinieleza bila kuulizwa: "Kitabu ni ya bantu benye hawajaishi na samaki. Mi nimeishi nabo. Samaki ni samaki." Kesho yake akaliweka daftari juu ya tangi, likakaa hapo.

Akafanya kazi kama alivyojua. Kipimo cha chumvi kilikuwa kimevunjika kabla yetu, kwa hiyo alipima kwa ulimi. Alichukua unga wa chumvi ya bahari uliokuja kwa mifuko kutoka Afrika Kusini, akaukoroga katika ndoo ya maji aliyoyateka bombani siku moja kabla, akachovya kidole, akaonja, akafumba macho, kama mama anavyoonja mboga. "Bado." Akaongeza kidogo. "Sasa." Aliniamini nishike taulo tu. Na kazi yenyewe, jamani, ilichosha. Kusugua kioo, kukatakata usipa wabichi, wale dagaa wa Ziwa Malawi, vipande vidogo kama kucha, kumlisha anemoni kwa kijiti, kubeba ndoo bila kudondosha tone kwenye zulia la watu. Umeme ulikatika karibu kila siku, na pampu ikisimama maji hayapati hewa, basi tulikaa zamu kwa zamu tukichota kwa kikombe na kumimina kutoka juu, chota mimina, chota mimina, hadi umeme urudi au mkono ufe ganzi. Niliwahi kusinzia darasani nikiwa na kalamu mdomoni. Wenzangu waliniita Mkongo mlalaji. Hawakukosea.

Lakini niliipenda shule ile, niseme wazi. Niliipenda mpaka nikawa naiogopa, kama mtu anavyoogopa sahani ya kuazima. Kiingereza kiliingia kichwani mwangu kwa haraka ambayo hata mwalimu aliishangaa. Kufikia mwezi wa tisa nilikuwa nasoma maandishi yote niliyokutana nayo: mabango, makopo ya maziwa, karatasi zilizofungia maandazi. Na kila siku nilipita mbele ya lile daftari la bluu.

Mwezi wa kumi joto la Lilongwe likaja, lile linalokausha hadi mate. Maji ya tangi yakawa yanashuka upana wa kidole kila baada ya siku mbili, na papa akawa anajazia. Alijazia kwa maji ya chumvi. Kwake hilo halikuhitaji kufikiriwa: maji yaliyopotea ni ya bahari, basi unarudisha ya bahari. Sisi ziwa letu ni la maji matamu. Tangi la maji hayo likipungua unajazia maji, likizidi unachota, na samaki hajui tofauti. Chumvi nyeupe ikaanza kuganda kwenye ukingo wa kioo. Anemoni akaanza kunywea. Vidole vyake vilivyokuwa virefu vikawa vifupi kama chuchu za mbuzi, na rangi ikamtoka. Klauni mdogo akawa anapumua kwa kasi. Papa akaonja, akasema maji yako sawa. Ulimi wake ulikuwa umeshazoea, ungesema sawa hata kwa maji ya chumvi kali ya kuhifadhia nyama.

Mchana mmoja nilirudi shuleni, papa yuko nje anafyeka, nikalifungua daftari. Ilikuwa kwenye ukurasa wa tatu tu. Marehemu alikuwa ameandika kwa herufi kubwa na kupigia mstari mara mbili: maji yakikauka, chumvi haiondoki, inabaki. Ongeza maji matupu peke yake. Usiongeze chumvi. Nilisoma mara nne, nikiomba niwe nimekosea Kiingereza. Sikuwa nimekosea. Nikalifunga haraka na kulirudisha palepale, maana nilisikia hatua za papa barazani.

Wasomaji wa sasa wataniuliza, si ungemwambia tu? Ningemwambia vipi? Kwetu mtoto hamwelekezi mzazi, na hata akijua hujifanya hajui hadi aulizwe. Lakini hiyo adabu ndiyo sababu niliyojipa. Ya kweli ilikuwa nyingine. Papa alikuwa amebadilika Lilongwe. Alitembea kifua mbele. Mai Mbewe alimwita "Bwana Fundi" mbele ya wageni, na wageni walimuuliza maswali, na yeye alijibu kwa Kichewa chake kibovu kama daktari. Kwa miaka yote ya kambini sikuwahi kuona mtu akimuuliza papa swali na kusubiri jibu. Nikimwambia kwamba daftari linasema vile, nitakuwa nimemwambia pia kwamba najua hakulisoma, kwamba ile "Yes, madam" niliisikia. Sikuweza. Nilijaribu mara mbili wakati wa kula nsima, ugali wa huku, nikaishia kuomba chumvi.

Basi nikafanya kwa siri. Asubuhi, papa akiwa anafagia majani mbele ya nyumba na Mai Mbewe akioga, nilichota jagi la maji bombani jikoni, nikapunguza ya kwenye tangi na kumimina yangu. Siku ya kwanza jagi moja, siku ya pili mawili. Jumamosi papa akaonja tangi, akakunja uso. Akaonja tena. "Imepungua," alisema, zaidi kwa nafsi yake. Akakoroga ndoo yenye chumvi kuliko zote alizowahi kukoroga, akamimina. Jumatatu mimi nikatia majagi matatu. Jumatano yeye akatia chumvi. Hivyo tukaendelea karibu wiki mbili, mimi napunguza, yeye anaongeza, tunakula sahani moja, tunasali pamoja kabla ya kulala, na katikati yetu yule mnyama anavutwa huku na huku. Nilichoka. Siyo uchovu wa mikono. Nilichoka kumwangalia papa usoni.

Anemoni akafa Ijumaa. Alikuwa ameachia jiwe, akalala ubavu kama kitambaa, na maji yote yamekuwa meupe kama ya kuoshea mchele. Harufu yake sitaieleza. Klauni mdogo alikuwa chini, kinywa wazi. Mkubwa alikuwa juu kabisa, akivuta hewa. Tulimhamishia kwenye ndoo, papa akachota na kumimina kwa kikombe kutwa nzima bila kula, mimi sikwenda shule, na saa kumi jioni yule naye akapinduka. Papa alibaki ameshika kikombe.

Mai Mbewe alivua viatu mlangoni kama kawaida. Aliangalia kioo, akaangalia ndoo, akakaa kwenye kiti chake. "Nini kimetokea?" aliuliza. Nilifungua mdomo. Papa akanitangulia, upesi sana, hata akaniwekea mkono begani na kunirudisha nyuma. "Ni mimi, madam. Mimi peke yangu. Nimekosea kazi." Nikajua, basi anajua. Amejua kwamba ni chumvi yake. Mai Mbewe hakumtukana. Ingekuwa afadhali. Alisema "Pepani," neno ambalo Wamalawi husema kwa kukupa pole na kuomba radhi kwa pamoja, na sikuelewa anampa nani pole. Kisha akasema hahitaji tena mtu wa samaki. Wiki iliyofuata tulikuwa Dzaleka, na mimi nilikuwa nimekaa chini, nikisoma kwa masikio.

Sikurudi tena shule ile. Nilimaliza ya msingi kambini, nikajifunza cherehani kwa mama, nikaolewa na mwenyeji, na leo nashona sare na mapazia Chinsapo, mtaa wa Lilongwe. Silalamiki, kazi ni kazi. Lakini nitakuwa mwongo nikisema sikumkasirikia papa. Nilimkasirikia ujana wangu wote, kimyakimya, kwa adabu, nikimpelekea sukari na sabuni kila nilipokwenda kumwona. Kila Kiingereza kiliponikwama mbele ya mteja nilikumbuka ukurasa wa tatu. Kisha, bila kujua lini, hasira ikaisha, nadhani kwa kuchoka tu. Nikamsamehe moyoni. Nikajiona mtu mzuri kwa hilo.

Mwanangu wa kike ana miaka saba. Majuzi nilikuwa namsomea barua ya mwalimu wake mbele ya mteja, akanikata: "Mama, hapo umekosea, hawajasema Jumanne." Mkono ulinyanyuka wenyewe, halafu nikaushusha. Nilitazama barua. Hawakusema Jumanne. Mtoto wangu hakujua kwamba ametenda jambo ambalo mimi, hata nikiwa na miaka kumi na moja, sikulithubutu, na aliendelea kula muhogo wake. Enzi zetu tulikuwa na heshima, ndivyo tunavyopenda kusema tukikaa wakubwa kwa wakubwa, na watoto wa leo wana mdomo. Siku hiyo sikuwa na hakika tena ni kipi ningekichagua.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Dzaleka. Papa sasa macho yamepungua, anakaa mlangoni, nyumba ni ileile, karatasi za kusubiri kupelekwa nchi nyingine ni zilezile. Nilitaka kumwambia hatimaye kwamba nilijua, na kwamba yamekwisha. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nikaanza, "Papa, ile maji ya Mai Mbewe..."

"Wacha, mama," alisema. Anaponionea huruma huniita hivyo. "Mi nilikuona."

"Uliniona nini?"

"Ku dirisha. Nilikuwa nafagia. Ulikuwa unamwanga maji ya robine, ya bomba, ile ya mbichi, haijalala hata siku moja. Maji ya robine iko na dawa, Furaha. Inaua samaki. Njo maana mi nilikuwa naiteka leo, naitumia kesho yake." Alitafuta mkono wangu, akaupata. "Niliona uko unafanya kama mutu anajua. Nikasema, huyu amesoma ile kaye, ile daftari ya marehemu, na mi sikuweza kuisoma. Nikaona haya kukuuliza. Mzazi ataulizaje mtoto wake amsomee? Nikawa naongeza chumvi tu, nirekebishe pole pole. Halafu wakafa. Ulikuwa mtoto. Nilikusamehe siku ileile."

Miaka kumi na sita nilikuwa nimembebea papa kosa lake, na yeye miaka hiyohiyo amenibebea langu, na langu lilikuwa la kweli. Lile la dawa kwenye maji sikuwa nalijua hadi dakika ile. Ile "ni mimi, madam" hakuisema kwa ajili ya chumvi. Aliisema kwa ajili yangu. Lake la chumvi hakulijua wakati ule na halijui sasa. Nilikuwa nimekwenda na msamaha wangu mkononi kama mgeni aliyeleta zawadi, na kumbe mwenye deni la kushukuru ni mimi. Nilitaka kumwambia ukurasa wa tatu ulisemaje. Nilimwangalia, macho yake hayanioni vizuri, mkono wake juu ya wangu, mtu aliyelinda jambo moja maishani bila kushindwa, yaani mimi. Sikumwambia.

"Asante, papa," nilisema, na nililia mpaka jirani akatoka kuuliza nani amefariki.